Mkwe Hashikwi Mkono

Mama yake Minza alimshika Joakim mkono.

Hakuugusa kwa ncha za vidole kama mtu anayetimiza adabu. Aliushika wote, akautikisa, akamtazama usoni, akacheka. "Mwadila, nyanda," alimsalimu kwa Kisukuma. Kisha akaketi naye mkeka mmoja, magoti kwa magoti, akaomba maji, akanywa kata nzima, akaanza kumsimulia safari yake kutoka Bukundi: jinsi lori lilivyopasuka tairi mara mbili kabla ya Lalago, na jinsi dereva alivyoingia uvunguni kufunga jeki akapitiwa na usingizi huko huko, hadi abiria wakamvuta miguu. Joakim alicheka mpaka akafuta machozi. Akamwongezea maji. Akamletea na mto wa kuegemea.

Minza aliyaona yote hayo kutoka barazani, mlango ukiwa wazi nyuma yake. Ilikuwa Jumapili, lakini alikuwa kwenye charahani akipunguza kiuno cha suruali ya mtumba ambayo mwenyewe angeifuata asubuhi. Mguu wake uliacha kukanyaga. Sindano ikasimama ndani ya kitambaa.

Baadaye alimsikia mama yake akisema, kwa sauti tamu kama anaomba chumvi, "Kesho nitaondoka na huyu mjukuu wangu."

Na Joakim akajibu, "Sawa, mama. Akatembee."

Saa kumi mama alimfunga Milembe mgongoni, mtoto wa miaka mitatu mwenye miguu mirefu iliyoning'inia hadi mapajani mwa bibi yake, akasema anakwenda kumsalimu binamu yake Felisita kule karibu na parokia. Alipopotelea nyuma ya ghala la pamba, Joakim alitoka ndani akaja barazani akijinyoosha. Alikuwa karani wa mizani katika kampuni mojawapo kati ya zile za watu binafsi zilizoingia Bariadi kununua pamba tangu biashara ilipofunguliwa, na wiki nzima alikuwa hajapata usingizi wa kutosha. Uso wake siku hiyo ulikuwa mwepesi.

"Mama yako ananipenda," alisema.

Minza hakuinua kichwa. "Amekuita nani?"

"Ameniita nyanda."

"Nyanda ni kijana yeyote anayepita njiani na fimbo yake."

"Umeanza."

"Joakim, umewahi kumwona mkwe kwetu? Mkwe wa kweli?" Sasa alimtazama. "Mume wa dada Nyamizi akikutana na mama njiani huingia porini, hata kama pori lote ni miiba. Mama naye hugeuka akajifunika kanga, hata akiwa na ndoo kichwani. Hawashikani mikono. Hawali pamoja. Hawatazamani. Ndiyo heshima yenyewe. Leo mama amekaa na wewe magoti kwa magoti kama umekuja kumuuzia sabuni. Hakukupenda. Amekwambia wewe si mtu kwake, na wewe ukamletea mto."

Wepesi ule ulimtoka Joakim usoni taratibu, kama maji yanavyoingia mchangani. Asingeweza kuyajua hayo. Nyumbani kwao Lamadi hapakuwahi kuingia mkwe. Mama yake alikuwa mkaanga samaki pale barabarani, na mwanamume aliyemzaa Joakim hakuwahi kupeleka hata mbuzi. Alikuwa akipita na lori la samaki kila Pasaka, analeta kilo mbili za sukari, anakaa kwenye kigoda cha wageni, anaondoka. Hata jina la Mayige ambalo Joakim aliandikishwa nalo shuleni lilikuwa la babu yake mzaa mama.

"Na Milembe?" aliuliza polepole. "Amesema anamchukua akatembee."

"Wewe ndiye uliyesema kutembea. Yeye alisema ataondoka naye." Minza aliisukuma kando ile suruali. "Baba amemtuma. Mtoto asiyetolewa ng'ombe ni wa baba wa mama yake. Ataitwa kwa jina la baba, Milembe Mahona, atachunga mbuzi wa babu yake, na siku akiolewa ng'ombe wake wataingia zizi la babu yake. Unayajua haya, Joakim. Unayajua kuliko mimi."

Joakim alikaa kwenye ngazi ya baraza. Akaokota kipande cha uzi, akakizungusha kidoleni.

"Miaka minne nakuomba," alisema. "Mwaka wa kwanza nilikuomba twende kwa baba yako, ukasema subiri. Mwaka wa pili ulikuwa na mimba, ukasema siyo sasa. Padri ananiona kila Jumapili nimebaki kwenye benchi wenzangu wakienda kukomunika. Mwaka jana nilinunua mitamba wengine wanne nikawapeleka kwa mjomba Lamadi, ukanuna wiki mbili kama mtu aliyeibiwa. Nani alikataa, Minza? Sema. Mimi au wewe?"

"Mimi."

"Basi usinikalie na hekima za wakwe."

Mwanamke mwenye debe la maji alipita, akawaangalia, akawasalimu kwa sauti ndefu kuliko ilivyohitajika. Wote wawili wakaitikia "mhola" wakitabasamu. Alipopita, tabasamu zikaanguka.

"Nilikuwa na miaka kumi na tano," Minza alisema, "Nyamizi aliporudi nyumbani na jino lake kwenye pindo la kanga. Alilifungua mbele ya baba, akaliweka mezani. Baba akalitazama. Siku ya tatu wakamrudisha. Unajua kwa nini? Ng'ombe wake kumi na wanane walikuwa wameshamwolea kaka Yakobo mke, na mke wa Yakobo alikuwa na tumbo. Kumtoa Nyamizi kule kulikuwa ni kumvunjia Yakobo nyumba. Dada yangu alirudi kwa yule mtu ili wifi yangu asiondoke. Nikajiapiza kwamba mimi sitakuwa kamba ya kufungia nyumba ya mtu mwingine."

"Mimi nimewahi kukupiga?"

"Hujawahi. Ndiyo maana bado nipo."

"Kwa hiyo nikikuoa ndiyo nitaanza?"

"Sijui. Nyamizi naye hakujua."

Joakim alicheka, kicheko kisicho na furaha. "Unajua unavyoishi na mimi? Unaishi umesimama. Kitanda chako, redio yangu. Sufuria zako, meza yangu. Nikinunua beseni unauliza ni la nani. Nimechoka kulala na mtu ambaye hajavua viatu."

Neno lile lilimchoma, kwa kuwa lilikuwa kweli. Hata akilini mwake Minza alijua, bila kuhesabu, ni vitu gani angevifunga kwenye kanga mbili siku ya kuondoka.

"Na mimi kila asubuhi nakuchagua," alisema. "Hilo hulioni. Mwanamke aliyeolewa anawasha moto kwa sababu ameolewa. Mimi nawasha kwa sababu nakutaka. Hakuna anayenishika. Nipo."

Joakim aliinua macho. Yalikuwa macho makubwa, ya kahawia, na Minza alikuwa hajawahi kujifunza namna ya kuyatazama bila kitu kulegea kifuani mwake. Wakabaki hivyo. Angeunyoosha tu mkono, Minza aliwaza. Angeunyoosha tu, yaishe.

"Na Milembe," Joakim aliuliza, "yeye alichagua lini?"

Minza aliivuta tena suruali, akatafuta mshono.

"Mimi nilikuwa mtoto wa watu waliochaguana kila Pasaka," alisema Joakim. "Baba yangu naye alikuwa anakuja kwa hiari yake, hakuna aliyemshika. Sitaki kwenda Bukundi na kilo mbili za sukari, nikae kwenye kigoda, mwanangu aniulize mimi ni mgeni wa nani." Alikata uzi kwa meno. "Karani wa mahakama aliniambia tukishakaa miaka miwili na watu wakatujua mume na mke, sheria inatuhesabu tumeoana."

"Hiyo sheria itapanda lori gani kwenda kumweleza baba?"

Joakim aliinuka, akaingia ndani, akafungulia redio, akaizima, akatoka tena.

Mama alirudi jua likiwa limeegemea. Minza alikuwa amepika ugali na kuku, kwa kuwa hata ukitaka kugombana na mama yako, kwanza unamchinjia. Akatandika mkeka. Mama akanawa, akakaa, akagonga mkeka kwa kiganja. "Nyanda, njoo tule."

Joakim alichukua sahani yake. Hakumtazama. Alipita ukutani akiwa ameinamisha kichwa, akatoka, akaketi barazani upande usioonekana kutoka mlangoni.

Mama aliliacha tonge mkononi. "Anakwenda wapi huyu?"

Kisha akapaza sauti kuelekea mlangoni.

"Nyanda, rudi ndani, ugali unapoa. Hapa hakuna mkwe."

"Nitakula huku, mama," Joakim alijibu kutoka nje.

"Ee. Mchana tumekula karanga kwenye ungo mmoja, jioni umeota adabu. Nani amekufundisha?"

"Nimechelewa kufundishwa, mama. Nisamehe."

Milembe aliangalia mlangoni, akamwangalia bibi yake, akachukua kipaja cha kuku akatoka nacho kumfuata baba yake. Mama alimtazama akienda. Minza alimwona akimtazama.

"Mama," sauti ya Joakim ilisema kutoka upande ule. "Nina ng'ombe tisa kwa mjomba wangu. Msimu ukiisha nitaongeza wanne, na wengine nitakubaliana na mzee. Niambie nije na nani."

"Mimi sina mdomo wa ng'ombe. Ng'ombe huzungumzwa na wanaume zizini."

"Basi mpelekee mzee neno moja tu. Nikiwatoa, sitawadai. Hata Minza akiniacha kesho yake, wabaki kwenu. Asirudishwe kwangu kwa sababu yao."

Tonge la mama lilirudi kwenye sahani. Minza alihisi kitu kikimpanda kifuani, kitu cha moto, akashindwa kujua ni furaha au ni woga. Hakuna mwanamume aliyewahi kusema neno kama lile Bukundi. Pengine hata wilaya nzima ya Meatu.

"Usilirudie hilo," mama alisema kwa ukali. "Usithubutu kulisema mbele ya mume wangu. Mwanamume anayetoa ng'ombe akasema hatawadai anamwambia mwenye binti kwamba binti yake hana uzito. Watakucheka wewe, kisha watamcheka yeye."

"Wacheke," Minza alisema. "Mayu, wacheke. Ndugu yangu Limbu ana miaka mingapi sasa?"

Mama alilisukuma tonge pembeni mwa sahani. Hakuwa mwanamke wa kusema uongo. "Ishirini na saba. Amepata binti Mwanhuzi. Anasubiri."

"Anasubiri ng'ombe wangu."

"Ng'ombe wa dada ndio wanaomwolea kaka. Ulitaka aoe kwa kitu gani, kwa baiskeli?"

"Kwa hiyo leo Nyamizi, kesho mimi."

"Unadhani sikuliona lile jino?" Mama alisema hivyo kwa sauti ya chini kabisa, akiitazama sahani. "Nililizika mimi. Najua lilipo. Usije ukafikiri wewe peke yako ndiye ulikuwa na macho katika nyumba ile." Akajifuta vidole kwenye ukindu wa mkeka. "Baba yako alitaka kumtuma baba yako mdogo, Machibya, na vijana wawili. Wale wangefika, wakambeba mtoto, wakaondoka bila kuomba hata maji. Nikasema nitakwenda mwenyewe. Nilitaka nimwone huyu mwanamume. Si kumwona kwa mbali. Nimshike mkono, nimtazame machoni, nimsikie anavyocheka. Kwa sababu akishakuwa mkwe wangu, sitamtazama tena mpaka nife. Kwa mume wa Nyamizi sikupewa nafasi hiyo. Walimleta akiwa tayari mkwe, mimi nikajifunika kanga. Nilimpa binti yangu mtu ambaye sijawahi kuona uso wake."



Minza alihisi macho yakimwuma. Kutwa nzima alikuwa ameusoma vibaya mkono wa mama yake, akaufanya rungu la kumpigia Joakim.

"Umeona nini?" aliuliza.

"Ana macho ya mtu anayeogopa kuachwa." Mama hakujali kwamba mwenye macho alikuwa anasikia. "Mtu kama huyo hapigi. Lakini atakuchosha. Atakuuliza kila siku kama unampenda." Akalichukua tena tonge. "Mtoto lakini naondoka naye. Nimetumwa, na siwezi kurudi mikono mitupu."

"Hutarudi mikono mitupu," Minza alisema.

Neno lilimtoka kabla hajalipima. Lakini lilipotoka, alijua kwamba lilikuwa limemkaa ndani tangu saa kumi, Joakim alipouliza Milembe alichagua lini.

"Tunakwenda wote. Mimi na Milembe."

Sahani iligonga sakafu ya baraza. Joakim alitokea mlangoni, akasahau adabu yake yote mpya. "Mpaka lini?"

"Mpaka uje."

"Minza, nimesema nitatoa. Kwa nini unaondoka wakati nimesema nitatoa?"

"Kwa sababu sijawahi kuombwa." Alisimama ili wawe sawa. "Ulinikuta stendi na begi, nimemtoroka baba. Ukanipa chai, ukanipa chumba, nikabaki. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikuitika. Nilibaki tu. Nataka uje kwenye nyumba ya baba yangu, unikute ni binti wa mtu, uniombe. Na mimi nitasema mbele ya wanaume wote kwamba ng'ombe wangu hawatoki zizini kumwolea Limbu mpaka misimu miwili ipite, nijue nimeolewa na nani."

"Binti hasemi kwenye kikao cha ng'ombe," mama alisema.

"Huyu atasema."

Mama aliguna, guno refu la Kisukuma linaloweza kuwa laana au baraka kutegemea aliyeguna. Hakukataa.

"Na ukiombwa," Joakim aliuliza, akiwa amemsogelea mpaka Minza akasikia harufu ya vumbi la pamba kwenye shati lake, "utaitika?"

"Usiniulize hapa."

"Nikuulize wapi?"

"Nimeshakwambia wapi."

Asubuhi lori la magunia matupu lilikuwa likiunguruma mbele ya ghala, likielekea Mwanhuzi na vijiji vya mbele. Baridi ya Julai ilikuwa imewafanya watu wote wajikunyate kwenye makoti ya mtumba. Joakim alibeba begi, akampandisha Milembe, akampandisha Minza. Mama alipokaribia, Joakim alirudi nyuma hatua nne na kugeuzia uso ukutani, na utingo ndiye aliyemvuta bibi juu.

"Baba haji?" Milembe aliuliza.

"Baba anakuja nyuma," Joakim alimwambia ukuta.

Minza aliinama ukingoni mwa bodi. Kulikuwa na mambo mengi ya kusema, akasema madogo. "Mwenye suruali atakuja saa tatu. Iko juu ya mashine. Asikudanganye kwamba alishalipa." Kisha, "Na ule."

"Nitakula."

"Usinitazame hivyo."

"Nakutazamaje?"

Lori likaondoka kabla hajajibu. Akamwona akipungua, shati jeupe kati ya magunia na mizani, mikono ikiwa imening'inia kama mtu aliyetwishwa mzigo bila kuambiwa autue wapi. Hakupunga mkono. Naye Minza hakupunga.

Walipovuka daraja, aligundua kwamba mguu wake wa kulia ulikuwa ukikanyaga sakafu ya lori, chini juu, chini juu, kama ulikuwa bado kwenye charahani. Akauzuia. Baada ya kitambo ukaanza tena. Kila lori lilipopunguza mwendo moyo wake uliruka. Mara aliwaza kugonga bodi ashuke. Mara aliwaza mabaya zaidi: kwamba asingeshuka, kwamba angefika Bukundi akaamka kesho, keshokutwa, wiki, mwezi, na vumbi la barabarani lisilete mtu. Miaka minne alikuwa ametunza uwezo wa kuondoka. Hakuwahi kufikiri kwamba siku akiondoka, angekuwa yeye ndiye anayesubiri.

Mwanamke mmoja mwenye tenga la kuku alikuwa amebanwa kando yake. Alimwangalia Minza, akamwangalia mtoto, akaanza maswali, kwa kuwa safari ya Mwanhuzi ni ndefu na kuku hawasemi.

"Umeolewa wapi, mayu?"

Kwa miaka minne Minza alikuwa akilijibu swali hilo kwa neno moja, "Bariadi," na watu walitosheka. Leo neno lile lilikataa kutoka.

"Sijaolewa," alisema. "Nakwenda kuombwa."

Mwanamke alimwangalia Milembe aliyekuwa amelala na kidole mdomoni. "Na huyu?"

"Huyu ametangulia."

Mwenye kuku alicheka hadi tenga likatikisika. Mama naye aligeuza uso upande wa mashamba, lakini mabega yake yalikuwa yakitetemeka kwa kicheko.

"Ukiombwa utakubali?"

Minza hakucheka. Alitazama nyuma, ambako hapakuwa na kitu ila vumbi. Alikuwa tayari anahesabu: leo Jumatatu, pamba wanafunga kununua Ijumaa ya mwisho wa mwezi, ng'ombe kutoka Lamadi kwa miguu siku sita, pengine saba kama kuna ndama. Siku kumi na nane jumla, kama asingechelewa. Alikuwa amehesabu mara mbili kabla hajajikamata, na kule kuhesabu kulimtia hofu kuliko ng'ombe wote wa Meatu.

"Mwache aje kwanza," alisema.